Konzi ya Mchele

Nilinusa liwa katika duka la Wahindi pale Kings Heath, huku ughaibuni, nikasimama. Mjukuu wangu akanivuta mkono. Nikamwambia, "Ngoja."

Nilikuwa mdogo, kule kwetu. Jirani yetu Mhindi alikuwa na mwana mmoja tu, na baba mtu alitaka aende India, kwenye chuo kikuu cha Kisanskriti, akasome elimu ya mababu zao. Tulialikwa kumuaga. Walimnyoa kichwa, wakampaka liwa kwenye paji la uso. Desturi yao, anayekwenda kusoma huomba chakula kwanza, na wa kwanza kumpa ni mama yake.

Kijana akainua bakuli. Mama yake akachota konzi ya mchele, akakaa nayo.

"Mpe," mumewe akasema.

"Nikimpa ataondoka."

Bakuli likaanza kutetemeka. Mama yangu ndiye aliyesema, "Shoga, mikono ya mtoto imechoka."

Basi akaufungua mkono. Mchele mwingine ulikuwa umemganda kiganjani kwa jasho. Akawa anaubandua kwa kidole, punje moja moja, polepole, na mwanawe akasimama pale akingoja mpaka ya mwisho.