Vitabu Vilivyotekwa na Mtani

Visiga ukiuliza fundi wa mapazia utaelekezwa kwa Mwanajuma binti Mwinshehe, na atakayekuelekeza atakuonya usimletee vipimo vyako. Haamini futikamba ya mtu. Atakuja mwenyewe nyumbani kwako, apande juu ya kiti chako, apime dirisha lako mara mbili huku akimsema fundi aliyelijenga. Watu, anasema, wanampa vipimo vya dirisha wanalolitamani, halafu pazia likikaa upande lawama zinamwangukia yeye.

Mtu mwenye mdomo namna hiyo ungedhani hana kinachomkaa rohoni. Wanawe ndio walijua. Walijua kwamba kitabu cha Shangazi Tunu hakiingii katika nyumba ile, hata kama mwalimu amekigawa darasani.

Na Shangazi Tunu nani asiyemjua? Ni yule mama wa kilemba kwenye kona ya jalada, mtunzi wa visa vya Sikudhani, mtoto mkaidi aliyebishana na kila kiumbe mpaka na chura. Nusu ya nchi imejifunza kusoma kwa Sikudhani. Siku hizi vitabu vyenyewe vimechapwa upya, picha zinang'aa kama bango la vocha, na nyuma kumejazwa maswali ya mtihani. Watoto wa Mwanajuma walivisomea kwa jirani. Wakimwuliza mama yao sababu, jibu lilikuwa moja: Mnyamwezi mwachie mbuzi, usimwachie kitabu. Jibu hilo halikumsaidia mtoto yeyote, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Baba yake, Mzee Mwinshehe, alikuwa Mzaramo wa Masaki, huko Kisarawe, na alifanya kazi ya bustani katika chuo kimoja Kibaha. Kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na sabuni, kitoweo, na kitabu cha Shangazi Tunu kwa ajili ya binti yake. Yalikuwa matoleo ya mwanzo yale, jalada laini, picha za rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, na ile nyekundu haikujua mipaka: mashavu ya Sikudhani yalichapwa nje ya uso wake. Mzee mwenyewe kusoma alikuwa anababaisha. Alikaa kwenye mkeka, akasomewa na mtoto, akacheka mpaka akakohoa. Mwanajuma hajawahi kupendwa vile tena na mtu yeyote, na hilo analisema bila aibu.

Kule chuoni mzee alikuwa na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, mlinzi aliyeitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hao waliufanyia utani wao kazi kwelikweli. Maganga alipofika Masaki alipokewa kwa matusi, naye akayajibu kwa matusi makubwa zaidi, kisha akala kumshinda mwenyeji. Mwanajuma alikua akidhani kila mgeni wa maana lazima atukanwe mlangoni.

Alikuwa darasa la sita baba yake alipofariki. Maganga alikuja kuzika, na akafanya kazi ya mtani. Alijilaza njiani jeneza lisipite. Akaigiza marehemu anavyotembea na jembe begani, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka na kamasi zao. Jioni akaliona sanduku la bati la vitabu vya Mwanajuma, akajitwika kichwani.

"Hili mateka," akatangaza. "Wazaramo mkilitaka, nileteeni jogoo Kibaha. Na asiwe mgonjwa kama nyinyi."

Watu wakaangua kicheko. Ndivyo ilivyo: mtani huteka kitu msibani, wafiwa hukikomboa kwa kitu kidogo, na kule kwenda kukomboa kunakuwa sababu ya kutembeleana, ili kifo kisizibe njia ya kwa watani. Hata Mwanajuma, na msiba wake wote, alicheka siku ile.

Arobaini ilipopita, mama yake akiwa bado ndani na eda yake, akaagiza jogoo mwekundu akamatwe, akamkabidhi Badru, kaka mkubwa wa Mwanajuma, ampeleke Kibaha. Binti alimsindikiza kaka yake mpaka njia panda, akarudi kufagia mahali atakapoliweka sanduku lake. Badru alirudi jioni mikono mitupu, analia. Maganga, alisema, amempokea jogoo na sanduku hatoi. Vitabu amevichana, kurasa anasokotea tumbaku. "Nimekiona kichwa cha Sikudhani kinaungua mdomoni mwake, kwa macho yangu haya," alisema Badru, na machozi yakazidi.

Picha hiyo ndiyo iliyomkaa Mwanajuma. Alimchukia Maganga kwa moyo wake wote, na mapenzi yaliyobaki akampa kaka yake, kwa sababu ya machozi yale. Badru ndiye aliyemwoza, na ndoa ilipoharibika ndiye aliyekwenda kumchukua. "Kaka yangu aliwahi kunililia," aliwaambia wateja, hata wasiouliza. Miaka ikaenda, habari zikafika Masaki kwamba Maganga amefariki. Wazee wa ukoo wakaanza kujiandaa kwenda, maana mtani hazikwi bila watani wake. Mwanajuma akasimama katikati ya wazee hao akasema atakayekwenda si ndugu yake tena. Badru alikuwa wa kwanza kumuunga mkono, na safari ikavunjika. Mwanajuma alimshukuru sana siku ile.

Basi mwezi uliopita akapigiwa simu na mteja, Mama Brighton, aliyehamia mtaa wa juu pale Visiga. Ni mfanyakazi wa ofisi, anatoka kwenda Dar alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo wakapatana Jumamosi. Mwanajuma akafika, akasalimiwa kwa adabu, akapanda kwenye kiti cha sebuleni, akaanza kumsema fundi wa madirisha. Futikamba ilikuwa mkononi bado alipogeuza macho kwenye kabati la vioo, akayaona mashavu mekundu yaliyochapwa nje ya uso.

Aliteremka pale kitini bila kuandika kipimo. Akafungua kabati la watu bila kuomba ruhusa. Vilikuwepo vyote, vimepangwa, havina hata kona iliyokunjwa. Akafungua kimoja, na ndani ya jalada akaukuta mwandiko wake wa utotoni ukimwonya mwizi kwamba Mungu anamwona. Furaha ilimjaa. Alikipeleka kitabu puani akakinusa kama mtu anayemnusa mtoto mchanga. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba vitabu hivi vilikwisha kuvutwa vikawa moshi.

"Umevipata wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ya fundi tena.

"Wala si vyangu, mama," akajibu mwenye nyumba, aliyekuwa anakunja mapazia ya zamani. "Ni rehani. Marehemu baba alivichukua msibani kwa watani wake, huko Masaki. Alitukataza kuvifungua mpaka wenyewe waje kukomboa. Tangu mdogo mimi navipangusa vumbi tu. Sijui hata Sikudhani anasema nini humo ndani."

"Na wenyewe hawakuja?"

"Hawakuja."

"Hata huyo jogoo hawakuleta?"

Mama Brighton akaacha kukunja. "Nani amekuambia ni jogoo?"

Wakatazamana. Ndipo Mwanajuma alipomtambua Stellamaris, kitindamimba wa Maganga, aliyekuwa akibebwa mgongoni enzi zile, na Stellamaris akajua aliyesimama mbele ya kabati lake ni nani. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba baba yao aliwaulizia Wazaramo wake mpaka mwisho, ila kuwafuata hakukubali, maana aliyeteka hungoja kufuatwa. Akisikia mlango umegongwa aliuliza kama ni wao wameleta jogoo. Siku ya mazishi walilichelewesha jeneza, mama yake akishikilia kwamba watu wa Masaki hawawezi kukosa. Hakutokea mtu. Akazikwa bila wa kujilaza njiani wala wa kumwigiza, kimya.

"Tulijiuliza sana tumewakosea nini," alisema Stellamaris.

Mwanajuma alikirudisha kitabu mahali pake, maana rehani haitoki bila ukombozi, akaondoka hata futikamba kaiacha kitini.

Kesho yake alikuwa Masaki. Njia nzima kutoka Kisarawe, akiwa nyuma ya bodaboda, alimtafutia kaka yake sababu. Labda Badru alipotea. Labda alimkuta mtu mwingine akadhani ni Maganga. Alikuwa tayari kuamini chochote, hata cha kijinga, mradi kimwachie kaka yake.

Badru sasa ni mtu wa kuheshimiwa, ana mikorosho yake na hakosi safu ya mbele msikitini. Alimkuta uani anamenya mihogo na mkewe, Rukaya. Mwanajuma hakukubali kukaa. Alieleza alichokiona Visiga.

Badru akacheka. Hiyo ndiyo iliyomuumiza kwanza, kabla ya maneno yenyewe.

"Bado unayo tu hayo, mdogo wangu? Yule jogoo sikumfikisha. Nilikutana na rafiki yangu Abdulaziz njiani, njaa inatuuma, tukamchinja tukamchoma. Nilikuwa kijana."

"Ungesema."

"Ningesema vipi, na mama yuko kwenye eda? Msiba ule, halafu mimi nimekula ukombozi wa vitu vya marehemu?"

"Na yale machozi?"

"Yalikuwa ya kweli," akasema Badru. "Niliogopa."

Alisema angemsingizia nani mwingine? Angemtaja jirani, pangezuka ugomvi. Angesema kaporwa, wangetafutwa watu wapigwe. Maganga alikuwa mtani, na mtani mbebeshe lolote, halimshiki: utamtukana leo, kesho mnakula sahani moja. Alijua Mwanajuma atanuna wiki, kisha utani utayamaliza. Alivyolieleza jambo lile, lilionekana kama busara.

"Mimi sikumtania," akasema Mwanajuma. "Mimi nilimchukia. Mpaka akafa nikamnyima watu wa kumzika, na wewe ukasimama upande wangu kwa sababu ungeumbuka."

Badru akautazama muhogo mkononi. Rukaya akaona amsaidie mumewe, na nia njema ya wifi ndiyo iliyomaliza kila kitu.

"Usimwonee kaka yako peke yake, wifi. Hata mama alijua. Badru alimwambia hata kabla hajatoka eda. Mama akasema tuliache hivyo hivyo, bora umchukie Mnyamwezi kuliko umchukie ndugu yako."

Upo usaliti wa mtu mmoja, unaweza kumnunia. Huu ulikuwa wa nyumba nzima. Mama aliyemfuta machozi usiku ule, aliyemwambia Maganga hana utu, alikuwa anajua. Wifi alijua. Abdulaziz, anayempigia saluti kila akija Masaki, alijua, na utamu wa nyama aliujua pia. Walikaa naye miaka yote hiyo katika sikukuu na misiba, wakimsikiliza anavyomlaani mtu asiye na kosa, wakampakulia wali. Mwanajuma alijiona kama mtoto aliyechezeshwa kibe, akabaki amejificha na watu wakaenda zao majumbani wasimwambie mchezo umekwisha.

Hakumtukana mtu. Aliomba jogoo mmoja, Badru akakurupuka mwenyewe kumkamata, mnene, amefurahi kwamba deni limepata dawa. Mwanajuma akampokea bila asante. Alipita kando ya makaburi ya ukoo, mahali ambapo hajawahi kupita bila kumsomea mama yake Fatiha, na siku hiyo alisomea upande wa baba peke yake.

Jumamosi iliyofuata alikuwa getini kwa Stellamaris, jogoo kwapani. Vitabu alivitaka, ndiyo, lakini njia nzima alichokiwazia ni matusi. Alijua anachostahili kuambiwa: kwamba Wazaramo ni wavivu mpaka jogoo wao anatembea miaka na miaka, kwamba amekonda kwa kula maneno yao, kwamba arudi akalete na vifaranga vya faida. Alikwisha kujitayarishia majibu. Akitukanwa, atajua amesamehewa.

Stellamaris alimpokea jogoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Asante sana. Hukuwa na haja ya kujisumbua."

Akamkaribisha ndani, akamtengea chai na chapati. Sanduku la bati lilikuwa limekwisha kupangwa, limefutwa, vitabu ndani vimefunikwa kitambaa safi, na futikamba yake juu, imekunjwa vizuri. Mwanajuma akaona labda mtoto amesahau desturi kwa kukaa mjini. Akaamua kuanza yeye.

"Mnyamwezi wewe, sema kweli. Hakuna kurasa mlizotafuna humu?"

Stellamaris akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhudumia mzee ofisini. "Hapana, mama. Vyote vipo. Unaweza kuhakikisha."

Mwanajuma akasema hana haja ya kuhakikisha. Akanywa chai, akaisifu. Stellamaris akamshukuru, akamwitia bodaboda, akalibeba sanduku mwenyewe mpaka nje asimwachie mgeni kazi, akamtakia safari njema na kumwambia karibu tena wakati wowote. Hakuna neno hata moja lililokosewa. Mwanajuma akasimama pale nje, sanduku lake miguuni, akingoja atukanwe, mpaka geti likafungwa.