Niliiomba Mahakama Saa Nne Asubuhi

Kosa langu nililifanya mapema kabisa, kesi ikiwa bado changa. Hakimu aliniuliza, "Usafiri wa kutoka kule kisiwani kuja huku, asubuhi unaaminika?" Nikajibu, "Unaaminika, mheshimiwa." Nilijua kwamba si kweli.

Jina langu sitaliandika, nanyi naomba msilitafute. Ni kijana wa Mtunda, naishi Kibiti mjini, natengeneza simu na kufunga umeme wa jua. Kazi hiyo sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu vibovu na kuvirudishia mpaka vikakubali. Mtu aliyejifunza mwenyewe anaishi na hofu ambayo haimtoki: kwamba ipo siku watu watagundua hajui. Kwa hiyo mimi kila kitu nakikagua, halafu nakikagua tena. Kioo cha simu kikikaa upande kidogo tu nakibandua, hata mteja akisema imetosha.

Nyumbani nako nilikuwa hivyo hivyo. Chumvi, kitanda, namna ya kukunja nguo, yote nilikuwa na neno. Siku mke wangu alipoondoka aliniambia maneno machache sana. "Baba Siwema, mimi si simu."

Siwema ni binti yetu. Si jina lake la kweli, lakini ndilo nitakalomwita hapa. Tulipoachana alikuwa na miaka mitano. Mama yake alirudi kwao, kwenye kisiwa kimoja cha delta, mto unapoingia baharini, kwa watu wa kuvua kamba na kukata mikoko, akaondoka naye. Mimi nikaenda mahakamani.

Na hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza. Nilisoma sheria kwenye simu kama ninavyosoma michoro ya saketi. Nikaelewa kwamba hakimu anaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Anasikiliza wazazi wanataka nini, na mtoto mwenyewe kama ameshaweza kujieleza. Anaangalia na mila za watu wa pale. Nikaelewa pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo, na kwamba mahakama haipendi kumhamishahamisha mtoto.

Mtu mwingine angesoma hayo akasema, basi, mtoto atakaa na mama yake, mimi nipangiwe siku za kuwa naye. Mimi nilisoma nikaona miaka miwili. Nilijiambia, kama katika miaka hiyo itaonekana mama yake hatii ratiba ya mahakama, akifika saba nitamchukua.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alitutoa nje tukazungumze kwanza. "Mkikubaliana, nitaangalia kama inamfaa mtoto, halafu nitaiandika iwe amri," alisema.

Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule.

"Mimi naona tufuate maji tu," mama Siwema alisema. "Maji yakiwa mazuri nakupigia, unakuja gatini unamchukua. Kila mwezi akae kwako siku zake."

"Maji si ratiba."

"Kwetu ndiyo ratiba."

"Huko ni kwenu. Hapa ni mahakamani."

Aliniangalia, halafu akaangalia chini. Yeye aliishia darasa la saba, mimi nilifika kidato cha nne, na siku ile nilivaa shati jeupe na kubeba bahasha. Nilijua shati na bahasha vinamfanya nini mtu ambaye hajawahi kusimama mahakamani. Nilivivaa na kuvibeba kwa ajili hiyo.

Ndani nilizungumza mimi. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa nne kamili asubuhi, mtoto aletwe gatini Nyamisati; kesho yake namrudisha. Ilisikika safi sana. Ndipo hakimu akaniuliza lile swali la usafiri.

Sasa niwaambie kwa nini ule ulikuwa uongo na si kutojua. Nilipooa nilikaa kisiwani nusu mwaka, nikifunga sola kwenye nyumba za watu. Mkono wa mto unaoingia kijijini kwao unakauka. Maji yakipwa linabaki tope, boti zinalala ubavu, hakuna anayetoka wala kuingia mpaka maji yarudi. Na hayarudi saa ile ile ya jana. Kila siku yanasogea. Siku aliyofariki shangazi yangu nilipata habari nikiwa kisiwani. Nilikaa ndani ya boti iliyokwama, naliona tope pande zote, nalia kama mtoto. Nilipofika Mtunda wameshazika.

Mtu aliyewahi kukosa mazishi ya shangazi yake kwa sababu ya maji, akisimama mbele ya hakimu na kusema usafiri unaaminika, huyo hajakosea kwa bahati mbaya.

Hakimu alimgeukia mama Siwema. "Na wewe mama, unasemaje?"

Akasema, "Nitajitahidi." Alidhani kumwambia hakimu hapana ni kukosa adabu.

Mara za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi zile maji yalikuwa yanajaa asubuhi, kukiwa kumekucha sawasawa. Walikuja na kaka yake mama Siwema, ambaye ni mwenye boti, wakafika hata kabla yangu. Siwema alikuwa akiniona anaruka gatini kabla kamba haijafungwa. "Shikamoo baba! Umeniletea nini?"

Lakini kila baada ya wiki mbili maji yalikuwa yametangulia kidogo. Ili wafike saa nne iliwabidi watoke mapema zaidi, kabla mto haujakauka, na safari iliyofuata mapema zaidi ya hapo. Wakaanza kuchelewa.

Yule kaka yake alinifuata siku moja. "Shemeji, mwombe hakimu wako ayaite na maji, nayo yaape."

Mama mmoja anayeuza vitumbua pale gatini akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe fundi, kwani unasubiri mtoto au unasubiri treni?"

Wote walicheka. Mimi niligeuza simu nikamwonyesha shemeji. "Saa tano kasoro," nikasema.

Nikaweka sheria yangu kichwani: nasubiri nusu saa, ikipita naondoka. Na niliondoka kweli. Jumamosi moja walifika adhuhuri, mtoto akakuta gatini hakuna baba. Mama yake alinipigia. Nilikuwa nimesharudi kibandani kwangu, naiona simu inawaka juu ya meza, nikaigeuza kifudifudi. Nilijiambia amri ni amri. Jumatatu nikaenda mahakamani kulalamika kwamba amri imevunjwa.

Nikifika hapa mkono unakuwa mzito, lakini nimejiahidi kusema.

Jumamosi iliyofuata walifika kabla yangu. Nilipotokea nilimwona Siwema ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefunikwa khanga ya yule mama wa vitumbua. Tope lilikuwa limemkauka miguuni mpaka kiunoni, limekuwa jeupe. Lingine lilikuwa kwenye nywele na sikioni. Alikuwa anatetemeka. Mama yake alikuwa na tope mpaka kifuani.

Maji yalikuwa yametoka kabla ya alfajiri. Boti imelala. Mama yake alimbeba mgongoni, wakapita katikati ya mikoko, kwenye tope, mpaka mahali ambapo kaka yake aliweza kuwafikia na mtumbwi, akiusukuma kwa pondo. Njiani aliteleza. Mtoto alianguka kifudifudi.

Siwema aliponiona alisimama. Hakunipa shikamoo. Alisema, "Baba, nimechelewa?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitoa simu mfukoni nikaangalia. Niliangalia saa ili nimjibu! Kwa yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu na kazi mkononi.

"Hapana," nikasema. "Hujachelewa."

Akakaa tena kwenye ndoo, akaanza kulia taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa.

Yule mama wa vitumbua safari hii hakucheka. "Huyu ni mwanao," aliniuliza, "au ni mzigo wa watu uliotumwa kuupokea?"

Mama Siwema hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alifuta uso wa mtoto kwa upande wa khanga uliokuwa bado msafi, akaniambia, "Nimemleta. Kawaambie mahakamani nimemleta."

Nilimchukua Kibiti. Alikuwa na homa. Nilimwogesha, nikamwandalia wali na samaki, akala kidogo. Alipolala alikataa kuvua ndala. Alisema akivua atachelewa.

Siku ya kusikilizwa malalamiko yangu ilipofika, nilitamani kuyaondoa, ila sikuwa na ujasiri hata wa hilo. Kumbe hakimu alikuwa ameshamtuma ofisa ustawi wa jamii aangalie pande zote mbili. Dada huyo alikuja kwangu, akaona chumba, akaona kitanda cha mtoto nilichokiunda mwenyewe, akakisifia. Halafu alikwenda kisiwani. Boti yao ilikwama, akakaa juani kwenye tope mpaka maji yaliporudi. Hakuhitaji kuhadithiwa.

Mahakamani alisoma taarifa yake kwa sauti ya kawaida. Mtoto anatunzwa vizuri kwa mama. Kwa baba pia panafaa. Halafu akasema, "Mtoto anampenda baba yake. Ila anaogopa Jumamosi."

Hakimu alivua miwani. "Baba Siwema, uliniambia usafiri unaaminika."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema nilikuwa sijui. Mama Siwema alikuwa amekaa pale pale, anajua kwamba najua, na wala hakunyanyua uso. "Nilikuwa najua," nikasema.

Halafu hakimu akazungumza polepole, kama anayemweleza mtoto wa shule. "Mimi sikai kisiwani. Siijui mito yenu wala tope lenu. Nikipanga siku za mtoto, napanga kwa yale mnayoniambia ninyi wawili. Nimekupa amri imsaidie mtoto kumwona baba yake, wewe umemtegea nayo mama yake. Na aliyenasa ni mtoto."

Aliibadilisha amri. Saa zikaondolewa. Mtoto asisafirishwe mpaka wazazi wazungumze na mwenye boti athibitishe maji. Mtoto kulala kwangu kukasimamishwa mpaka atakapotulia, na kwa muda huo mimi ndiye niende kumwona kule kwao. Nilitoka nje nikakaa kwenye lile benchi. Mama Siwema alipita mbele yangu, akasimama. "Ungeniuliza tu," alisema. "Mimi sikuwahi kukunyima."

Kweli, hakuwahi.

Hayo ndiyo yaliyonigharimu. Mama yangu kule Mtunda alikuwa amemsukia mjukuu wake mkeka mdogo wa kulalia. Bado umekunjwa, umeegeshwa ukutani. Kila nikienda ananiuliza Siwema anakuja lini, nami namwambia bado. Siwema ametimiza saba, ikapita. Ile siku niliyokuwa naihesabu sikuthubutu hata kuitaja.

Wewe unayejiandaa kwenda kuomba siku za kuwa na mwanao, nakusihi. Hakimu atakuuliza kuhusu njia, kuhusu kazi yako, kuhusu nauli, kuhusu nani atakuwepo nyumbani. Usimjibu ili umshinde mwenzako. Kama unajua kuna mahali ratiba itamkwamisha, sema, hata kama anayekwama ni yule uliyekasirikiana naye. Mtoto yumo ndani ya boti hiyo hiyo. Na ukiona karatasi yako imenyooka kuliko maisha yenu yalivyo, rudi uisome tena.

Siku hizi navuka mimi. Mama Siwema ananitumia ujumbe maji yakiwa mazuri, nafunga kibanda hata kama kuna simu ya mtu iko wazi mezani, nakwenda. Boti ikikwama nakaa humo humo nasubiri. Siwema hajalala tena Kibiti. Lakini safari iliyopita alinifuata mpaka kwenye ukingo wa tope, akanipa shikamoo, akauliza nimemletea nini. Hakuuliza kama amechelewa.