Jina la Kitanda cha Dirishani

Shule niliacha darasa la tatu. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, na kuandika ndiyo hivi mnavyoona. Lakini majina Mungu alinipa. Mtu akinitajia jina lake mara moja halinitoki tena. Nitakutajia la kwake, la mama yake, na nyumba waliyopanga hapa Rwezamenyo kabla barabara haijatandikwa mawe. Yako majina ya watu wa mtaa huu ambayo nikinyamaza mimi hakuna mwingine aliyebaki wa kuyataja. Kwa hiyo watu wamenizoesha vibaya. Msibani naitwa nitaje jamaa wa marehemu, harusini naitwa niseme nani ni wa nani, na mimi nikajiona mtu kweli.

Humu daftarini sitaandika jina la yeyote. Sababu yake mtaiona mbele.

Mdogo wangu aliteleza uani, kwenye povu la sabuni, akavunjika nyonga. Akalazwa, nikaenda kukaa naye. Hapa kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wa nyumbani wa kumlisha, kumwogesha, kumfulia na kumkimbilia dawa. Nesi ana wagonjwa wengi na mikono miwili. Basi mimi ndiye nikawa murwaza, mzee kuliko nusu ya wagonjwa wenyewe. Nilikuja na beseni, mkeka, vitenge viwili na chupa ya chai.

Wodi ilikuwa ya wanawake sita. Kufikia jioni ya siku ya pili nilikuwa nawajua wote, na watoto wao, na waliowaacha nyumbani. Kitanda cha dirishani alilala fundi cherehani wa Kimironko, mwenye ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni. Kile cha katikati alilala mama mmoja mwenye duka la maziwa huko Muhima, kifua kimembana, anakohoa hadi machozi. Mdogo wangu alikuwa mlangoni.

Manesi wakibadilishana zamu, yule mgeni akisitasita mbele ya kitanda, mimi namtajia. Mwanzoni walishukuru, baadaye wakazoea. Fundi alikuwa akiwachekesha wenzake, anasema, "Huyu mukecuru iko na kompyuta kichwani, na haitaki umeme." Mukecuru kwetu ni bibi kizee; nilikuwa najifanya sisikii, ili arudie.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, amekuja kujifunza kazi. Mwembamba, viatu vyake vyeupe anavipangusa kila akiingia mlangoni. Huyo alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kidonge, kabla ya sindano, anasimama kando ya kitanda, anainama, anasema, "Mama, niambie jina lako." Hata kama amemsalimia kwa jina hilohilo dakika tano zilizopita. Mimi niliona kama dharau. Nikamwuliza, mwanangu, jana si uliwauliza hawa? Umesahau? Akacheka, akasema hajasahau, ndivyo wanavyofundishwa: mgonjwa aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kila mara.

Kisha akanieleza kwamba mwalimu wao wa chuo anafanya utafiti juu ya jambo hilohilo. Anahesabu ni mara ngapi mgonjwa anataja jina lake kabla ya kupewa dawa, na ni mara ngapi mtu mwingine anamtajia. Nikasema moyoni, haya, wasomi nao hawakosi cha kuhesabu.

Jumatatu mwalimu mwenyewe alikuja na makaratasi yake, akatuita warwaza mmojammoja kwenye benchi la nje. Mama wa makamo, mwenye adabu. Kwanza alinisomea kwamba majina yetu hayataandikwa popote. Nikamwambia la kwangu aliandike tu, mimi sina cha kuficha. Akatabasamu, akasema sheria ya kazi yao ndiyo hiyo. Akauliza kama huwa nawajibia wagonjwa wanapoulizwa majina. Nikasema kila siku. Kwa nini? Kwa sababu wao wamechoka, na mimi najua.

Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Halafu akaweka kalamu chini.

"Bibi," akasema, "ukiweza, waache waseme wenyewe. Hata wakichelewa."

Nikamwambia sawa, vile unavyomwambia sawa mtu unayetaka amalize aende zake.

Jumatano asubuhi nilishuka kuchukua uji. Foleni ilikuwa ndefu, nikakaa sana. Huku nyuma wodini, mama wa maziwa alishindwa kupumua vizuri, akaomba hewa, na fundi naye alikuwa analalamika tangu alfajiri kwamba dirisha linampiga baridi kwenye mguu. Binti za wagonjwa hao wawili wakafanya kama wanavyofanya watu wa nyumba moja: wakawabadilishia vitanda. Huyu huku, yule kule, na mashuka yao na vyombo vyao. Hawakumwambia nesi, kwani hilo nalo la kumwambia nesi? Makaratasi ya dawa yalibaki yakining'inia kwenye vyuma vya vitanda, pale yalipokuwa. Kisha wakaondoka, mmoja kwenda kufua, mwingine kazini.

Niliporudi na uji, aliyelala dirishani alikuwa amejifunika kitenge hadi kichwani. Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kumfuta mdogo wangu mgongo kabla maji hayajapoa, nikakaa ukingoni mwa kitanda chetu nikiwapa wengine kisogo.

Binti mwanafunzi akaingia na sinia ya sindano. Nesi aliyekuwa naye aliitwa wodi ya pili, akamwambia aendelee. Nikasikia vile viatu vikienda dirishani, nikasikia, "Mama, niambie jina lako." Akarudia. Kitenge kikaguna tu. Basi mimi, bila kugeuka, kitambaa mkononi, nikalitaja jina la fundi, lote, kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Nikaongeza, mwache alale, hajapata usingizi.

"Nyogokuru," akaniita kama bibi yake, "nataka aseme mwenyewe."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimekosea jina la mtu lini?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akamwambia achome haraka, uji unapoa. Binti alisimama pale, nilimsikia amesimama, hatua haiendi mbele wala nyuma. Ni mwanafunzi, na mimi ni bibi wa watu. Akachoma.

Kama nusu saa ilipita nikimwogesha na kumvalisha mdogo wangu, nikaanza kumnywesha uji, na hapo fundi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, sindano yangu ya sukari leo iko wapi?"

Sauti ilitoka kitanda cha katikati.

Niligeuka. Fundi ameketi pale na mguu wake uliofungwa, bakuli mapajani, ananitazama mimi kwa kuwa mimi ndiye wa kuulizwa. Na dirishani kitenge kilikuwa kinatetemeka. Binti mwanafunzi alitupa jicho huku, akatupa jicho kule, akakimbia. Akakikunjua kitenge: mama wa maziwa, jasho linamchuruzika hadi shingoni, macho yapo lakini hayamwoni mtu. Wakaja manesi, akaja daktari, wakamtundikia maji ya sukari, wakampima sukari kidoleni mara kwa mara. Mimi nilibaki na kijiko hewani. Mdogo wangu ndiye aliyeniondolea mkononi.

Mama wa maziwa alirudiwa na fahamu. Alhamdulillahi, kabla ya adhuhuri alikuwa anaongea. Lakini kabla ya hapo mkuu wa wodi alifunga mlango akauliza limekuwaje. Mwanafunzi alisimama mbele yetu sote, mikono nyuma.

"Uliuliza jina?"

"Niliuliza."

"Nani alijibu?"

Aliniangalia. Kitambo kidogo sana, kisha akatazama viatu vyake.

"Mgonjwa hakujibu," akasema. "Mimi ndiye niliyechoma bila jibu lake. Kosa ni langu."

Mkuu wa wodi akauliza kama kuna mwenye la kusema. Walikuwapo wanawake waliosikia. Hakuna aliyesema, kwa heshima yangu. Mimi nilikuwa nampaka mdogo wangu mafuta miguuni. Nilimpaka unyayo mmoja hadi ukang'aa. Wallahi maneno yalikuwapo mdomoni, machache tu, "ni mimi niliyemtajia," na sikuyasema. Niliona sura za wale wanawake, nikaona watakavyoniangalia kesho nikitaja jina lolote, nikaendelea kupaka mafuta.

Walipotoka na binti, mdogo wangu akaniambia polepole, asisikie mwingine, "Dada, leo ulimi umeuweka wapi?"

Nikafunika kopo la mafuta. Alinigeuzia uso ukutani, na kwa mtu aliyevunjika nyonga kugeuka si kazi ndogo.

Alhamisi yule binti hakuonekana. Nikasikia kwa wafagizi kwamba suala lake litakwenda ofisini, na kwamba huenda akarudia mwaka mzima wa mazoezi, au chuo kikamwondoa kabisa. Nikajiambia nitasema. Nikajifunga kitenge vizuri, nikafika hadi mlango wa ofisi, nikamkuta mtu ndani anazungumza, nikajipa udhuru kwamba nisiwakatize wakubwa. Nikarudi. Mchana nikaenda tena, nikapitiliza hadi bombani nikajaza chupa ambayo haikuwa tupu. Hivyo ndivyo nilivyoipoteza siku ile. Mtu mwenye kusahau angekuwa na la kujitetea.

Ijumaa, manesi wakiwa wanatandika, mama wa maziwa aliniita. Nilikuwa nimemkwepa siku mbili, nikipita upande wa pili kama mwenye deni. Nikakaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na nilianza na jina lake, kwa heshima, lote.

Akanikatiza. "Jina langu unalijua?"

"Nalijua, mama."

"Basi mbona hukunitazama uso?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nilikuwa na majina yao sita kichwani kama shanga kwenye uzi, na nilikuwa nimeacha kuwaangalia wenyewe, maana shanga hazihami. Nililolisema Jumatano lilikuwa jina sahihi la kitanda cha Jumanne.

Kutoka kiti kile nilikwenda moja kwa moja ofisini, na safari hii nilibisha. Alikuwapo mkuu wa wodi, na yule mwalimu wa chuo, na karatasi mezani. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyetaja jina, mtoto alikataa mara ya kwanza, nikamshinda kwa umri wangu, na wodi nzima ilisikia. Nikasema Jumatatu mwalimu alinionya na nikamdharau.

Mkuu wa wodi aliniuliza mbona sikusema juzi. Nikamwambia niliona haya. Akasema, "Na yule binti hakuona haya?"

Mwalimu alinivutia kiti. Alisema maneno yangu yatasaidia: binti hatarudia mwaka, maana sasa inajulikana kwamba aliuliza mara mbili na akazuiwa. Lakini barua ya onyo ilikuwa imeshaandikwa jana yake na kutiwa muhuri, na itakaa kwenye faili lake, kwa kuwa sindano aliichoma yeye. Ningekuja jana asubuhi, labda ingeandikwa vingine. Hakusema hivyo kunisuta. Alisema kwa kuwa nilimwuliza.

Barua yenyewe ilikuwa pale mezani. Mimi nasoma polepole, lakini jina nasoma haraka. La binti lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, majina yote matatu.

Kisha mwalimu akaniomba ruhusa kuliingiza jambo hili kwenye utafiti wake, wauguzi wengine wajifunze, na vyuo viangalie jinsi ya kumsaidia mwanafunzi anapobanwa na mtu mzima. Nikasema ndiyo. Akanisomea atakavyoandika: murwaza mmoja, mwanamke mzee, alijibu kwa niaba ya mgonjwa. Basi. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna mdogo mtu wala nyonga.

Na hapa ndipo penye haya yangu kubwa, kuliko pale nilipopaka mafuta. Mimi niliyemwambia Jumatatu aliandike langu, sina cha kuficha, Ijumaa niliposikia halimo, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Nilimshukuru mara mbili, na nikatoka nje mwepesi, hadi nilipofika kwenye ngazi nikamkuta yule binti amekaa anasubiri kuitwa, viatu vyake vyeupe amevipanga pamoja. Akasimama kunipisha, kama mtoto aliyelelewa.

"Nyogokuru, mgonjwa wako ameamkaje?"

Nikamwambia ameamka vizuri. Nikamwambia na lile nililolisema ofisini, na lile la barua. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, wallahi akanishukuru, kisha mlango ukafunguliwa wakamwita. Walimwita kwa jina lake, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Ninalijua jina hilo, na la baba yake, na la kilima anakotoka, maana alinitajia siku ya kwanza. Nimekaa nalo kwenye daftari hili tangu mwanzo, kalamu inaliendea inarudi. Nimeliacha. Limeshaandikwa mara moja kwenye barua kwa sababu yangu, inatosha.