Shuka Ambalo Halikuwamo Kwenye Filamu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja amekaa peke yake katika mstari wa mwisho wa viti vya ukumbi wa sinema. Amejifunika shali ya kijivu mpaka shingoni, maana kiyoyozi cha hapa hakijui kati na kati: ama kimezimwa, ama kinagandisha. Taa zinafifia. Mwanga wa projekta unapita juu ya kichwa chake, na ndani ya mwanga huo vumbi linaogelea polepole, kama lenye siku nzima mbele yake.

Wafanyakazi wa ukumbi humwita Bi Shali. Wasomaji wa gazeti moja la kila siku wanamjua kwa safu yake ya Jumamosi, ambayo kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikiwaambia filamu ipi waende na ipi waipishe. Ana umri wa miaka sitini na mbili. Leo amerudi kutazama filamu aliyokwisha kuiandikia, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Asipoweza kuiandika upya kabla ya jioni, safu hiyo itafutwa.

Kosa lenyewe ni la aina yake. Bi Shali aliisifu filamu hii kwa tukio ambalo halimo.

Kabla ya kazi hii alikuwa opereta wa simu hospitalini, zamu ya usiku. Akitoka kazini asubuhi, masikio bado yakilia kwa sauti za watu wanaoulizia wagonjwa wao, alikuwa anaingia sinema kwa tiketi ya bei nafuu, kisha anakwenda nyumbani kulala. Alipoamka alikuwa anaandika barua kwa mhariri kuhusu alichokiona. Barua ya saba ilichapwa. Ya kumi na mbili ilijibiwa kwa kupewa nafasi yake gazetini. Hospitali aliiacha alipostaafu, lakini ratiba haikubadilika: filamu asubuhi, usingizi mchana, kalamu jioni.

"Usingizi ni chujio," anasema. "Filamu inaingia nzima nzima. Nikiamka, kilichobaki ndicho chake. Makapi nayaacha kwenye mto."

Chumba anacholala kina pazia la kijani linalougeuza mwanga wa mchana kuwa kama maji ya bwawa. Upande wa pili wa ukuta mumewe, fundi saa, anafanya kazi kwenye meza ya kulia chakula, na saa za wateja hugonga bila kukubaliana. Bi Shali anasema huzama taratibu katikati ya sauti hizo, na filamu ya asubuhi huanza tena, safari hii bila sauti, na yeye akiwa ndani yake amesimama pembeni kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Malipo ya makala moja hayatoshi kodi ya chumba. Yanatosha umeme na nauli, na hajawahi kuomba zaidi.

Njia hiyo ilimpa maneno ambayo watu waliyakata gazetini na kuyabandika jikoni. Filamu moja ya vita aliipima hivi: "Siku tatu wamo handakini na hakuna aliyeulizia chakula. Hao si askari, ni bunduki zilizovaa sare." Ya kutisha: "Nyumba inatisha mpaka mzimu unapoingia. Baada ya hapo ni nyumba yenye mgeni." Kuhusu katuni ya bata anayeogopa maji, aliandika kwamba bata anasema sana, lakini aliponyamaza dakika moja ukumbi mzima wa watoto ulinyamaza naye, na kwamba watengenezaji walipaswa kumwamini zaidi. Filamu ya mapenzi haikuambulia kitu: wawili wamependana kwa saa mbili bila hata mmoja kumuuliza mwenzake anafanya kazi gani. Kwa upande mwingine, filamu ya kumbukumbu kuhusu wajenzi wa daraja, ambayo wengi waliikimbia, aliipa nafasi yote. "Tangu niione," aliandika, "navuka daraja nikitembea pembeni, ili nizione nati."

Kisha ikaja filamu ya dada wawili.

Ni hadithi ya mkubwa aliyebaki nyumbani kumuuguza mama, na mdogo anayerudi baada ya mazishi. Bi Shali aliitazama, akalala, akaamka, akaandika kwamba dada mkubwa analikung'uta shuka la marehemu dirishani, na kwamba vumbi linalotoka linakaa hewani muda mrefu kuliko maombolezo yenyewe. Aliongeza kuwa tukio hilo peke yake linatosha kulipia tiketi.

Watu walilipia tiketi. Mwuza tiketi, mwanamke mchangamfu asiyeacha kutafuna ubani, anakumbuka jinsi watazamaji walivyokuwa wakitoka na kumjia dirishani wakiulizia shuka. Mmoja alidai amesinzia kidogo, akaomba aambiwe lilikuwa dakika ya ngapi. "Nikawaambia, jamani, mimi nauza tiketi, siuzi matandiko," anasema.

Mwongozaji wa filamu, binti wa miaka ishirini na minane ambaye hii ndiyo kazi yake ya kwanza, alimpigia simu mhariri wa kurasa za burudani. Hakufoka. Mhariri anayakumbuka maneno yake kwa sababu aliyarudia mara mbili: "Mama amesifu nisichokifanya. Na nilichokifanya hakukiona."

Mhariri, aliye na umri wa kuwa mtoto wa Bi Shali, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti. Alimwambia anaipenda kalamu yake na kwamba mama yake mzazi humsoma yeye kabla ya kusoma habari za vifo. Lakini ukurasa ni wa habari, hata kama ni habari za sinema. Akampa sharti moja: airudie filamu, na aandike siku hiyo hiyo, bila kupitia kitandani. Akishindwa, nafasi itachukuliwa na orodha ya mauzo ya tiketi za wiki.

"Sijawahi kuandika kabla ya kulala," Bi Shali alimjibu.

"Basi tutajua, mama."

Ndiyo maana leo yumo ukumbini, mgongo wima, mikono magotini kama mtahiniwa.

Kwanza yanakuja matangazo. La tatu ni la sabuni ya unga. Mwanamke mwenye tabasamu anafungua dirisha, anachukua shuka jeupe, analikung'uta polepole juani. Bi Shali anaishusha shali kutoka shingoni. Baadaye atathibitisha pia mahali dirisha lenyewe lilipotoka, maana lile aliloliona usingizini lilikuwa na fremu ya buluu iliyobabuka, na la tangazo ni jeupe. Fundi wa projekta anamkumbusha: lile la buluu ni la filamu ya mzimu, aliyoitazama siku mbili kabla ya ile ya dada wawili. Kilichokuwa cha filamu ya dada wawili ni maombolezo tu.

"Shuka la sabuni, dirisha la mzimu," anasema fundi, akijaribu kutocheka. "Mama, hiyo filamu yako ningeionyesha mwaka mzima."

Naye anacheka, lakini si kwa muda mrefu. Kinachomkalia moyoni ni kitu kingine, kilichotokea katikati ya filamu.

Dada mdogo anafika usiku. Anavua viatu barazani, kama afanyavyo mtu wa nyumbani, anavishika mkononi na kusogea mlangoni. Ndani anamsikia dada yake akizungumza na majirani kwa sauti tulivu, sauti ya nyumba iliyokwisha kuzoea kuwa bila yeye. Anasimama. Kamera haimsogelei. Kisha anainama, anavivaa viatu vyake tena, na kubisha hodi kama mgeni.

Tukio hilo linachukua dakika mbili hivi, na hakuna muziki. Bi Shali anasema alipoliona leo ilikuwa kama analiona kwa mara ya kwanza, ilhali alikuwepo kwenye kiti hiki hiki, macho wazi, wiki tatu zilizopita. Alimuuliza fundi kama labda filamu imekatwa na kuunganishwa upya. Fundi akamwambia ni ile ile, na kwamba yeye hutoka kwenye chumba chake kuja kuitazama ukumbini kila inapofika hapo.

"Shuka silijali," anasema. "Mtu akiota, ameota. Lakini mlango ule niliuacha kwenye mto. Nilidhani mto unachukua makapi. Sasa miaka yote hiyo sijui umenichukulia nini."

Saa sita na nusu anakaa kwenye benchi la ukumbi wa mbele, karibu na mwuza tiketi, na kuanza kuandika. Kalamu haiendi. Akiwa macho, anasema, kila kitu kina ukubwa sawa: mlango, pazia, kikohozi cha mtu wa mstari wa tatu. Ukurasa wa kwanza unasomeka kama taarifa ya polisi. Anauchana. Wa pili anaukunja na kuukalia.

Mumewe anapiga simu kuuliza kama amelala.

"Sijalala, mzee."

"Basi njoo ulale. Sauti yako imechoka."

"Nikilala nimefukuzwa kazi."

Fundi saa anamwambia aandike kile ambacho angemsimulia yeye mezani kabla hajavua shali, maana siku zote huanza kusimulia akiwa bado mlangoni, na yeye ndiye humkatiza kwa kumwambia akalale kwanza. Bi Shali anasema hakuwahi kulijua hilo. Anaikata simu na kuandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

Makala inaanza na masahihisho: shuka lilikuwa la sabuni, na waliolitafuta wamwie radhi. Inasema wazi kuwa filamu ni ndefu kupita hadithi yake, na kwamba mjomba anayekuja kugawa urithi ameigizwa kama mtu anayesoma bango la barabarani. Halafu inafika mlangoni, na hapo haiondoki tena.

Akiwa njiani kwa miguu kwenda gazetini, anaeleza mpango wake. Kuanzia sasa ataandika mara mbili. Ya mchana, kabla ya usingizi, itakuwa ya gazeti. Ya jioni, baada ya usingizi, itakuwa yake na mzee. "Siachi kuota," anasema. "Naacha kuota kwa pesa za watu." Anatumaini pia kumwona yule binti mwongozaji, si kuomba radhi tu, bali kumuuliza kwa nini kamera haikusogea.

Mhariri anaisoma makala akiwa amesimama. Anapofika mwisho anarudi katikati, anasoma tena, anainua macho.

"Mlango upo, mama?"

"Upo."

"Na viatu anavivaa tena? Hukuviona kwenye filamu nyingine?"

"Anavivaa. Wa kushoto kwanza."

Mhariri anachukua simu na kuupigia ukumbi wa sinema. Anaomba kuzungumza na fundi wa projekta, anasubiri, anauliza swali lake. Upande wa pili fundi anajibu kwamba ni kweli, na kwamba ni wa kushoto. Mhariri anaweka simu chini na kuituma makala ukurasani.