Gesi Zizini

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba hapa Isiolo nikiwauliza watu kwa nini wana gesi na bado wanapika kwa kuni. Shirika lililoniajiri lilinipa fomu yenye visanduku vinne vya majibu: bei, mazoea, woga, hajui faida. Unauliza, unatia alama, unaaga. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Kumbe mganga hajigangi. Daktari alimwambia mama yangu kuwa kifua chake hakiwezi tena moshi. Kesho yake nikamnunulia meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, nikaubeba mwenyewe mpaka kwake kwa maringo. Mama akaniombea dua ndefu. Kisha akaukokota mtungi mpaka kwenye zizi tupu la mbuzi nyuma ya nyumba, akauacha humo na kufunga mlango.

"Mama, hiyo si mbuzi!"

"Kitu mgeni hailali na wenyeji," akasema. "Ikae huko mpaka tuone mwezi ingine."

Nilijua alikoitoa sheria hiyo. Zamani tukiwa Korbesa, kabla sijaanza shule, baba alinunua mbuzi jike mnono, akamwingiza zizini jioni ile ile. Mwezi haukwisha, ugonjwa aliokuja nao ukamaliza kundi, tukawa hatuna hata mbuzi wa kumchinjia mgeni. Ndiyo sababu tulihamia mjini. Lakini mbuzi ni mbuzi na gesi ni gesi, na hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia mama ananiaibisha: mji mzima naufundisha mimi, na kwetu gesi imefungiwa zizini.

"Wewe umesoma," akanijibu, "lakini hujachunga."

Kila asubuhi nilipowaacha wanangu wawili kwake nikienda kazini, nilimkuta ameinama juu ya mafiga, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilinuna. Siku moja nikajaza fomu ya nyumba yake bila hata kumuuliza. Woga. Nilitia alama kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.

Wiki ya tatu nilirudi mapema, adhuhuri. Jikoni sufuria ya watoto ilitokota juu ya kuni, mama hayupo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa zizini, ameketi kwenye kigoda kando ya meko yenye moto wa buluu, anakula wali kwenye kisufuria, peke yake.

"Kumbe unajua kuiwasha?"

"Nawasha tangu siku ya pili. Jirani alinionyesha." Alinitazama kama anayemweleza mtoto. "Mbuzi mgeni ikitengwa, si lazima mtu moja akae nayo huko kando? Mimi ndio nachunga hii. Nakula chakula yake kila siku, niangalie itanifanya nini."

"Na watoto?"

"Akina hao nawapikia na kuni. Kama iko na ugonjwa, inishike mimi kwanza."

Wiki tatu mwanamke huyu mwenye kifua kibovu alikuwa akiwasha mioto miwili: usio na moshi ili aujaribu kwa mwili wake, na wenye moshi kwa ajili ya wanangu. Kila siku alipata nafasi ya kupumua, na kila siku aliiacha akarudi jikoni kukohoa. Nilistaajabu, na hata leo nikiandika haya bado nastaajabu. Niliona haya pia.

Mwezi ulipoandama aliukokota mtungi mpaka jikoni, akayamwagia maji mafiga. Akapika chai ya maziwa, akawaita watoto, ambao humwita Akko, yaani bibi.

"Kujeni kwa Akko. Kunyweni. Haina kitu."

Ile fomu nilikuwa sijaipeleka ofisini. Niliitoa nikitafuta pa kusahihisha, nikakosa. Mama aliogopa, ni kweli. Ila fomu haikuwa na mahali pa kuandika alimwogopea nani.