Mstari wa Rangi ya Kucha

Kofi la kwanza lilinikuta nimechuchumaa, nachagua boliti kwenye kopo. Sikumwona aliyenipiga. Niliona kopo linaruka na boliti zinatawanyika kwenye vumbi jeusi la gereji yetu hapa Walukuba, mjini Jinja. Nilipoinua uso nikamwona afande mmoja mstaafu wa Mbale, ambaye majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimemtengenezea gari. Gari lenyewe lilikuwa nyuma yake, bado linanguruma. Mkewe alikuwa ameketi kiti cha mbele, anatazama mbele tu.

"Wewe nabadilisha krosi yangu," akasema kwa Kiswahili cha huku Uganda. "Natoa mzuri, naweka takataka. Wewe mwizi."

Mimi si mtu mpole, na sijawahi kujifanya mpole. Nimetoka upande wa pili wa mpaka, Kenya, na nyumbani kwetu mtu akikuzaba kofi unamrudishia, sababu mnaulizana baadaye. Lakini neno mwizi likitamkwa kwa sauti kubwa mtaani si jambo la mchezo. Nimeona kwa macho yangu mtu akivishwa tairi na kuwashwa moto kwa ajili ya redio ambayo baadaye ilipatikana nyumbani kwa mwenyewe. Ng'ambo ya barabara waendesha boda walikuwa kwenye kituo chao, na vichwa vyao vikageuka vyote pamoja. Niliogopa. Mkono wangu ulikuwa umeshakunja ngumi, nikaufungua.

Inafaa nieleze alichokuwa akinituhumu. Katika miji yetu hii, Jinja kama Mbale, mwenye gari haliachi gereji akaenda zake. Anavuta kigoda, anakaa kando ya gari tangu asubuhi hadi jioni, anakodolea macho kila spana, kwa sababu anaamini fundi akipata nafasi atachomoa kifaa kizima na kuweka kilichokufa. Na wapo mafundi wa namna hiyo, sitawatetea. Wenye gari wengine huweka alama za siri kabla ya kuleta gari. Huyu afande alikuwa mfalme wa alama. Alikuwa amegombana na kila fundi katika Mbale nzima, kuanzia sokoni hadi kule mtaa wa Industrial anakoishi, ndiyo maana akawa anakuja mpaka Jinja.

Gari lake ni la zamani, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Nguvu inatoka kwenye giaboksi, inapita katika bomba refu la chuma chini ya sakafu, inafika kwenye difu, inayozungusha magurudumu huko nyuma. Bomba hilo ndilo propela. Ni vipande viwili vinavyochomekana katikati kwa meno, na kwenye maungio yake kuna vyuma vya umbo la msalaba, ndizo krosi. Alipokuja mara ya kwanza krosi moja ilikuwa imelika, inagonga kila anapobadili gia. Nilipoingia chini nikakuta mstari mwekundu umepakwa mahali vipande viwili vya propela vinapokutana, nusu ya mstari huku, nusu kule. Ilikuwa rangi ya kucha. Nilicheka peke yangu kule chini. Fundi mwenyewe huweka alama kwa tindo pale pale, ili akirudisha propela meno yaingie yalipokuwa. Safari hiyo sikuhitaji tindo. Nilitia krosi mpya aliyoinunua mwenyewe, nikatumia mstari wake, nikafunga nusu kwa nusu, naye akaondoka na gari limetulia.

Sasa alikuwa amerudi na kofi.

"Gari lina nini, afande?" nikamuuliza.

"Natetemeka. Kutoka Mbale mpaka hapa natetemeka tu."

"Basi twende nilisikie."

"Asikimbie huyo," akasema mwendesha boda mmoja, na wenzake wakasogea. Afande akafungua buti, akatoa spana ya tairi, ile ndefu, akaketi kiti cha nyuma. Niliendesha mimi. Mkewe alibaki pale pale mbele, kando yangu. Boda mbili zikatufuata.

Nimepima magari mengi, lakini hilo ndilo pekee nililolipima na chuma kimeegemea kisogo changu. Tulipita Bugembe polepole, gari likiwa safi kabisa. Baada ya hapo barabara ikafunguka, miwa pande zote mbili, nikaongeza mwendo. Mshale wa mwendo ulipokaribia themanini likaanza. Usukani ulikuwa umetulia mikononi mwangu, kwa hiyo si tairi za mbele. Mtetemo ulitoka chini ya makalio, ukapanda mgongoni, hadi kioo cha kutazamia nyuma kikawa hakionyeshi kitu. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, injini ikashuka na kunyamaza. Gari likaendelea kutetemeka vile vile. Kumbe si injini, wala klachi, ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu ya nyuma. Niliyasema hayo yote kwa sauti, moja baada ya jingine, ili aliye nyuma ajue ninachofanya.

"Mdomo," akasema, na spana ikanigonga chini ya sikio. Haikuwa kwa nguvu, ila nilisikia mlio wake ndani ya meno.

Nikaona jambo moja kando yangu. Yule mama alikuwa amefunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kitenge, na gari lilipoanza kutetemeka aliuinua kutoka mapajani, akauelekeza juu, akaushika hivyo hewani. Nilipopunguza mwendo aliushusha. Nilipoongeza tena aliuinua. Nilidhani ameungua jikoni.

Tulirudi tukakuta watu wameongezeka. Mmoja wa vijana wa boda alikuwa ameshika chupa ya petroli, zile chupa za soda wanazouziana barabarani. Hakuwa anaficha. Niliinua gari kwa jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini na miguu yangu ikabaki nje. Afande akaipiga teke, ya kulia kisha ya kushoto, kama anayejaribu upepo wa tairi. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Nililala pale chini nikitukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazojua.

Kisha nikauona mstari.

Nusu yake ilikuwa inatazama ardhi, inanitazama mimi. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda juu, upande wa sakafu ya gari, nikalazimika kuipapasa kwa kidole na kuchungulia ili kuiona. Vipande viwili vya propela vilikuwa vimechomekwa vibaya. Krosi za huku na huku zikikosa kuelekeana, propela inakuwa kama watu wawili wanaobeba kitanda, kila mmoja anakwenda upande wake. Kwa mwendo mdogo huwezi kujua. Mwendo ukipanda, gari zima linapigwa.

Nilitoka chini. "Nani alitoa propela hii baada yangu?"

"Hapana mtu."

"Mstari wako umeachana, afande."

Nikamwita yule kijana wa petroli. Nilimchagua yeye kwa makusudi. Nikamwambia aingie na tochi ya simu, atazame mwenyewe, kwa sababu mimi ni mwizi na neno langu halina maana. Aliiweka chupa chini, akaingia. Alipotoka alikuwa na mafuta kwenye paji la uso.

"Ni kweli," akawaambia wenzake. "Laini nyekundu hazikutani."

"Si yeye ndiye nafunga?" afande akasema. "Nafunga vibaya, halafu nadanganya."

Hapo nikaona nimekwama. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mstari ulionyesha ugonjwa, haukuonyesha mkono. Mimi nilijua nilivyofunga, lakini nani angeniamini? Mtu fulani akanishika shati mgongoni. Mwingine akanipiga ubavuni, na wengine wakapiga kwa sababu wa kwanza amepiga, ndivyo inavyokuwa. Nikaanguka juu ya boliti zangu. Nikaiona ile chupa ya petroli imeinuliwa tena kutoka chini, na aliyeiinua si kijana yule, ni mtu mzima nisiyemjua kabisa.

"Afande, si wewe natoa Jumapili?"

Sauti haikuwa kubwa. Mama alikuwa ameshuka, amesimama kando ya mlango. Hata yeye alimwita mumewe afande.

"Wewe narudi kanisani, nasema huyu fundi nacheza na wewe. Nasema alama ya nje iko, lakini mwizi nakaa ndani. Nalala chini ya gari, nafungua propela. Mimi nashika upande moja isianguke. Halafu naona krosi ni ile ile wewe nanunua, narudisha haraka haraka. Kesho yake gari natetemeka, wewe nasema tena ni fundi."

Alisema hivyo akitazama chini. Mikono iliyonishika ikalegea. Nilisimama. Afande hakukana, na hilo ndilo lililommaliza mbele ya watu. Alikuwa amevunja gari lake kwa kutafuta wizi ambao haukuwapo, kisha akasafiri mpaka Jinja kutafuta mtu wa kufa kwa ajili ya wizi huo.

Watu wakamgeukia. Walikuwa wale wale, na hasira ilikuwa ile ile, imebadilishiwa mtu tu. Nilitamani wampige. Nasema wazi, nilitamani, na mate yalinijaa mdomoni.

"Fundi," mama akasema, "funga gari kwanza."

Nikawaambia watu waondoe petroli yao kwenye gereji yangu, wakitaka moto wakauwashie kwao. Baadhi wakacheka, na kicheko kikalegeza mambo. Nikaingia chini, ubavu unaniuma kila ninapovuta pumzi, nikachomoa propela, nikaigeuza hadi nusu ya mstari ikaitazama nusu ya mstari, nikakaza. Sikumwomba mtu anishikie upande wa pili. Niliushikilia kwa goti.

Afande alilichukua gari kulijaribu mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Mama alikaa kwenye benchi letu, na gari lilipopotea kwenye kona akafungua kile kitenge. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na rangi, nyekundu ile ile ya mstari. Za mkono wa kushoto nazo zilikuwa nyekundu, isipokuwa vidole viwili. Hivyo vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi, kimoja kimepinda kuelekea mahali ambapo kidole hakielekei.

"Propela nakuangukia mkononi," nikasema. Nilijikuta nazungumza kama wao.

"Yeye nafungua boliti, mimi sijui kama ni ya mwisho. Ni mzito." Akafikiri kidogo. "Mimi nalia. Yeye nasema, nyamaza, shika."

Tangu Jumapili alikuwa amepika kwa mkono huo, na siku hiyo alikuwa amesafiri nao kutoka Mbale, ameuinua hewani kila mshale ulipokaribia themanini.

Gari likarudi. Lilikuja taratibu, halina mlio wowote, na afande akashuka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kitu. Hakunitazama. Hakuomba radhi, na sikuitegemea. Akamfungulia mkewe mlango.

"Panda."

Mama akabaki kwenye benchi. "Mimi naenda hospitali."

"Hospitali kufanya nini?"

"Mkono nauma."

Afande akamtazama, na nawaambia hakuwa anaigiza, wala hakuwa na ukali wowote. Alishangaa kweli. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akitafuta, yeye mtu aliyekuwa na macho ya kuona mstari wa rangi chini ya gari.

"Mkono gani?" akauliza.

Sikumpiga aliponizaba kofi, wala aliponigusa kisogo kwa chuma, wala aliponiita mwizi mbele ya watu wenye petroli. Nilimpiga hapo. Nilimpiga mara moja, mdomoni, kwa nguvu zote nilizokuwa nimezihifadhi tangu asubuhi, akakaa chini juu ya vumbi akiwa ameshika jino. Nilingoja watu wa boda wanirukie. Yule kijana aliyeingia chini na tochi akawasha pikipiki yake, akamsogezea mama, akamwambia apande polepole asiguse popote kwa mkono ule. Wakaondoka.

Walukuba wanasimulia mpaka leo kwamba nilimpiga afande kwa sababu aliniita mwizi. Sijawahi kuwasahihisha. Alirudi Mbale na gari lililotulia, kiti cha mbele kitupu.