Maandalizi Yasiyofanyika

Binti kutoka Miono niliyekuwa nafanya naye kazi hapa Bagamoyo alikuwa kwenye muda wa matazamio, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Mshirika wangu, anayekaa Dar, alishasema waziwazi: sehemu yake ya programu ikipita majaribio kabla ya alasiri, abaki; isipopita, tuagane naye. Sehemu yenyewe ilikuwa ya kumtangaza mshindi wa mnada wa samaki.

Majaribio hayo hujiendesha yenyewe. Kompyuta inafungua mnada wa uongo, inataja bei, inaangalia kama mshindi ni yule anayestahili. Kabla ya kila jaribio kuna kipande cha maandalizi kinachofungua mnada, kama pale sokoni wanavyomwagia meza maji kabla ya kupanga samaki.

Asubuhi nzima skrini ilikuwa nyekundu, yaani majaribio yanaanguka. Mnada haujafunguliwa. Mnada haujafunguliwa. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nikafuta programu, nikaipakia upya. Nikamlaumu fundi umeme wa jengo, ambaye hakuhusika kwa lolote. Nikasoma maandalizi mstari kwa mstari, na hayakuwa na kosa, jambo lililoniudhi zaidi.

"Kaka, kunywa maji kwanza," binti akasema.

"Siyataki maji. Nataka kijani."

Mwishowe nikaongeza mstari ndani ya maandalizi, uandike "nimefika" kwenye skrini. Tukaendesha. Neno halikutokea. Basi maandalizi hayakuwa yanakosea. Hayakuwa yanafanyika kabisa.

"Hebu nioneshe majaribio uliyoandika wewe," nikamwambia.

Kumbe naye alikuwa ameandika maandalizi yake, ya kuwapanga wanunuzi, akayapa jina lilelile la yale ya kufungua mnada, yaliyo kwenye darasa mama, yaani ile sehemu ya juu ambayo ya kwake inairithi.

"Nilijua ya mama yatatangulia," akasema. "Mkubwa yupo, mimi nitaanzaje?"

"Nyumbani kwenu, sawa. Humu ndani mtoto akija na maandalizi yenye jina hilo, ya mama yanawekwa kando, na hakuna anayekuambia. Lazima umwite mwenyewe."

"Yaani nipige hodi, nimwamkie, ndipo nifanye yangu."

"Hivyo hivyo. Mstari wa kwanza kabisa."

Akauandika. Skrini ikawa kijani kutoka juu hadi chini. Nikapumua, nikampigia mshirika wangu. Simu inaita, yeye huyo anaufuta mstari ule na kuendesha tena. Nyekundu.

"Una nini wewe? Alasiri hiyo inaingia."

"Nataka niione ikianguka kwa sababu ninayoijua, kaka. Tangu asubuhi ilikuwa inaanguka tu."

Akaurudisha. Kijani. Nilipoweka simu sikioni, mshirika wangu alikuwa ameshapokea, amesikia yote.

"Mwambie Jumatatu awahi," akasema, akakata.